Aliyemuuguza Bwana wa Majani

Kazi yangu ni kuandika historia za marehemu. Nina meza ndogo Keroka, ndani ya kibanda cha fotokopi, karibu na mahali ambapo malori ya ndizi hupakia. Familia huja na karatasi iliyokunjwakunjwa, miaka ya kuzaliwa isiyoafikiana, na ugomvi waliotoka nao nyumbani. Mimi huwapangia. Alizaliwa wapi, akiwa mtoto wa ngapi, alibatizwa wapi, alisoma hadi darasa gani, alioa au kuolewa na nani, alifanya kazi gani, aliugua nini, nani alimuuguza, ameacha nani. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne, lakini mwandiko wangu ni mzuri na Kiswahili changu hakiniaibishi, na kwetu hilo linatosha mtu kukabidhiwa wafu wa wenzake.

Wageni hudhani aya yenye uzito ni ile ya watoto na mashamba. Sivyo. Aya inayoweza kuvunja mazishi ni ya ugonjwa. Nimeona jeneza likikaa juani saa nzima kwa sababu mke wa mwana wa tatu, aliyemgeuza mzee kitandani miezi saba na kumwosha, hakutajwa. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya udongo uliochimbuliwa, akakunja mikono, akakataa kuinuka. Mchungaji aliniomba kalamu, akamwandika pembeni mwa karatasi, akairudia aya yote kutoka mwanzo. Ndipo mama yule akainuka, akakung'uta sketi, na mzee akazikwa.

Nayajua hayo yote vizuri kuliko wengi. Bado nilifanya nilichofanya.

Nilirudi nyumbani baada ya kutangatanga zaidi ya miaka ishirini. Nilichuma chai Kericho, nikawa utingo wa lori, nikauza vinyago vya mawe ya Tabaka kwa watalii huko pwani, nikalinda ghala la mahindi Eldoret. Kila nilikokuwa niliota vilima vyetu, na kila nilipovirudia niliviona vimepungua. Mabonde niliyoyaacha na matete na maji yanayolia yalikuwa yamejaa mikaratusi, mistari kwa mistari, imenyonya chemchemi hadi vyura wamehama. Kaka zangu walikuwa wameshapanda yao. Kipande kimoja tu kando ya mto kilibaki chepechepe, nacho kilikuwa cha mama. Alikikatalia mkaratusi. Alikuwa amekaa nacho kwa sababu ya mmea.

Mmea huo mama huuita jina ambalo sitaliandika hapa, maana nimeshaandika vya kutosha. Ni wa kufika magotini, majani yake yana manyoya laini kama sikio la ndama, na ukiyaponda yanatoa harufu ya mvua juu ya bati la moto. Ulikuwa dawa ya vidonda vya miguu. Watu walikuja kwa mama kutoka ng'ambo ya mto wakiwa na mguu uliofungwa kitambaa, na mama aliwapa majani, akawaelekeza, akawaombea, akawaambia waende pia hospitali. Yeye ni Msabato wa zamani na hapendi kuitwa mganga. Husema anatunza tu alichoachiwa na mama mkwe wake, naye aliachiwa na wake.

Na pamoja na mmea aliachiwa hadithi. Mwishoni mwa enzi za yule malkia wa Uingereza aliyetawala hadi watu wakadhani hafi, msafara ulipita ukitoka ziwani, ukamwacha kando ya mto wetu mtu mweupe ambaye mguu wake ulikuwa umeoza. Wapagazi wawili walibaki naye, nao walikuwa wakimngojea afe waondoke. Mjane mmoja wa ukoo wetu alimpelekea uji wa wimbi. Kisha akampondea majani. Alimfunga na kumfungua mguu kila asubuhi kwa wiki tatu, huku jirani zake wakimcheka kwamba amepata bwana wa uzeeni, asiye na ng'ombe. Mgonjwa alipoweza kusimama alianza kuchuma kila jani aliloliona na kulilaza kati ya karatasi, kwa hiyo wakamwita Bwana wa Majani. Alipoondoka alimpa mjane chumvi. Chumvi ikaliwa, ikaisha. Kilichobaki ni kusimulia.

Nilipokuwa mtoto nilifikiri ni hadithi kama zile za sungura. Halafu, mwaka juzi, akaja daktari.

Daktari huyu ni mwanamke wa Nairobi, mtaalamu wa mimea. Siku yake ya kwanza kijijini kwetu Magwagwa, watu waliposikia daktari amekuja, kina mama walijipanga mbele ya gari lake, mmoja ameshika goti, mwingine mgongo. Aliwaeleza kwa upole kwamba yeye ni daktari wa majani tu. Bibi mmoja akamwambia asijali, hata mjukuu wake alianza na kidogo. Daktari alicheka hadi akafuta macho. Nikampenda kwa hilo.

Alikuwa akifuata nyayo za Bwana wa Majani. Huko Ulaya mtu huyo ameandikiwa kitabu, na mmea wetu una jina lake la kitaalamu, kwa Kilatini. Kamati ya kulinda mto ilitaka kusimamisha bango kwenye njia ya kuteremkia mtoni, lenye maisha yake kwa Kiingereza na Kiswahili, ili wageni na wanafunzi wawe na sababu ya kuja. Kiingereza angeandika daktari. Kwa Kiswahili alielekezwa kwangu.

Alinipa rundo la fotokopi za kitabu hicho na za maandishi ya Bwana wa Majani mwenyewe. Nililisoma majuma mengi, kamusi mkononi, kati ya marehemu mmoja na mwingine. Alikuwa mtoto wa fundi viatu katika mji wa mvua na moshi. Shule aliiacha mapema, majina ya mimea akajifunza kwa kutembea, kopo la bati likining'inia begani, akichuma kando ya barabara na makaburini. Alipokuwa kijana alipata kazi katika jumba kubwa ambamo mimea ya dunia nzima hukaushwa na kuhifadhiwa. Miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kubandika kwa gundi, kwenye karatasi nyeupe, mimea iliyochumwa na watu wengine. Wenye vyeti walimpita ngazi moja baada ya nyingine. Siku moja aliomba atumwe Afrika, wakamruhusu kwa sababu aliyeteuliwa kwanza alikuwa ameoa.

Alitembea kwetu miaka mitatu. Alirudi kiziwi wa sikio moja kwa kunywa kwinini nyingi, akichechemea kidogo, na masanduku ya majani makavu. Aliandika kitabu kizito ambacho wakubwa wake walikitumia na kukisifu kwa sauti ya chini. Hakuoa. Alikufa kwenye chumba cha kupanga, na mwenye nyumba ndiye aliyemkuta.

Sijui niseme nini. Nilimpenda mtu huyo kuliko nilivyowapenda ndugu zangu. Nilijua ile hali ya kubandika vya wenzako. Nilijua kutembea hadi mguu ukuharibikie. Katika historia zote nilizoandika, hii ndiyo niliyoiandika nikiwa na uchungu wa mfiwa.

Na katika fotokopi, karibu na katikati, nilikuta mahali pa hadithi ya mama. Ameandika kwamba alilala wiki tatu kando ya kijito, kwenye vilima vya mashariki mwa ziwa, kwa sababu ya kidonda cha mguu. Kidonda kikafunga. Mmea ule aliukuta hapohapo, kwa wingi. Na baada ya kuueleza majani, shina na ua, akaongeza kwamba wenyeji hawajui matumizi yake yoyote.

Nilisoma mstari huo mara nyingi. Nilitafuta mjane, uji, hata mkono tu uliomfunga kitambaa. Hamkuwa na mtu. Kidonda kilifunga chenyewe, kama mlango unaosukumwa na upepo.

Nilimweleza mama kuhusu zile wiki tatu na kidonda. Mstari wa mwisho nikaumeza. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga za chinsaga, na macho yake yameshaingiwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo huchambua kwa vidole. Vidole vikasimama.

"Kumbe wanajua alikuwa hapa," akasema.

"Wanajua, mama."

"Basi safari hii ataandikwa. Yule mama alichekwa bure." Akaendelea kuchambua. Baadaye kidogo akaniambia nisisahau uji, maana watu hukumbuka dawa wakasahau chakula.

Nikaandika. Niliandika kwa namna ninayoijua, yaani kama historia ya marehemu, na ilipofika zamu ya ugonjwa nikaweka aya kamili: aliugua mguu, akauguzwa na mjane wa hapa kwa uji wa wimbi na majani ya mmea huu, kwa wiki tatu. Mwishoni nikaandika kwamba hakuacha mke wala mtoto, ameacha mimea. Niliona ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kamati ilikutana kwenye darasa la shule. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu. Alisoma karatasi yangu kwa sauti ya mazishi kabisa, akafika mahali pa kushukuru waliomuuguza, akaivua miwani. Aliuliza kama tukimaliza kusoma tutapanga foleni kuutazama mwili. Watu wakacheka. Akasema huyu bwana amezoea maiti, ukimpa hata historia ya daraja ataandika limeacha wajane wangapi.

Nilicheka nao. Kisha daktari akazungumza, na yeye hakuwa anacheka. Alisema ameipenda. Lakini aya ya mjane haina ushahidi. Haiko kwenye kitabu, haiko kwenye barua, na mtafiti mwingine akija ataidharau kazi yote kwa sababu ya aya hiyo moja. Nilimwambia tunayo hadithi ya nyumbani. Akasema hadithi anaiheshimu, pengine siku moja itapata mahali pake, ila bango ni la yaliyothibitishwa. Na kwa kuwa maandishi ya Bwana wa Majani mwenyewe kuhusu wenyeji yapo, itabidi yaingie, kwa sababu ndivyo alivyoandika.

Ningeweza kukaa juu ya udongo. Nilikuwa nimemwona mwanamke asiye na masomo akifanya hivyo akashinda.

Lakini juma lililotangulia, daktari alikuwa ameniambia kitu kingine. Alikuwa na mpango wa kuifuata njia yote ya Bwana wa Majani, kutoka kwetu hadi milima ya kaskazini, miezi mingi kwa miguu, na angehitaji mtu anayejua kutembea na kuandika. Hakutaja mtu. Alinitazama tu. Nami nilikuwa nimeshafunga mkoba moyoni. Nilikuwa nimechoshwa na Keroka, na kaka zangu, na mikaratusi, na wafu. Kwa hiyo nilichukua kalamu, nikaifuta ile aya mbele yao, na mahali pake nikaandika kwamba kidonda kilipona na kwamba, kwa maelezo yake, wenyeji hawakujua matumizi ya mmea huo. Niliiandika kwa Kiswahili safi. Mwenyekiti alinipiga begani.

Mama alisema hawezi kukosa siku ya kufunua bango. Alivaa kitambaa chake cheupe cha kwenda Sabato, ingawa ilikuwa Jumatano, na tukateremka polepole, mkono wake kwenye kiwiko changu. Kulikuwa na wanafunzi wa kuimba, kulikuwa na hotuba. Watu walipoanza kutawanyika kwenda kula, aliniomba nimsogeze. Aligusa bango kwa kiganja, akalipapasa kutoka juu hadi chini kama anavyopapasa gunia kujua kama limejaa.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea. Fundi viatu, kopo la bati, gundi, masanduku. Nilipofika mahali penyewe sikupumzika hata kidogo. Nilisoma aya niliyoifuta, neno kwa neno, kwa sauti ileile, macho yangu yakiwa juu ya maneno mengine.

"Na uji upo?"

"Upo. Uji wa wimbi."

Akaitikia kwa kichwa, akasema kwamba Kiswahili changu ni kizuri sana. Hajawahi kunisifu kwa lolote kabla ya hapo.

Kosa langu la kijinga zaidi lilikuwa kudhani mambo yangeishia hapo. Mama ana kanisa. Sabato iliyofuata aliwaeleza kina mama wenzake baada ya ibada, na wakafurahi, na mmoja wao, jirani yetu wa kuvuka uzio, akapitia mtoni siku iliyofuata kujionea. Akasoma mara mbili. Alikuja nyumbani, nami sikuwapo. Nilisimuliwa na mke wa kaka yangu. Jirani alisema hakumwona mjane. Mama akamwambia asome vizuri. Jirani akasema amesoma vizuri, na kilichopo ni kwamba wenyeji hawakujua. Mama akamwuliza wenyeji ni nani. Jirani akajibu kwamba anadhani ni sisi.

Niliporudi kutoka Keroka mama aliniuliza tu kama nimekula. Asubuhi yake aliniletea jembe lake, mpini umelegea, akaniomba nilikaze. Nilichonga kabari, nikaigonga, nikalilowesha jembe kwenye ndoo ili mti uvimbe. Nilifurahi kumfanyia jambo dogo. Hata nilipiga mluzi.

Siku nne baadaye daktari alikuja na wanafunzi wake kuuona mmea mahali pake penyewe. Mwenyekiti alitangulia akiwaonyesha kila kitu kana kwamba mto ameuchimba yeye. Tulipita bangoni, tukashuka hadi kipande cha mama, na mimi nikaona kwanza rangi. Palikuwa peusi. Udongo ulikuwa umegeuzwa wote, kutoka ukingoni hadi kwenye uzio, na juu yake kulikuwa na vichipukizi vya nduma kwenye mistari iliyonyooka kuliko unavyotarajia kwa mtu asiyeona vizuri. Upande wa juu kulikuwa na duara la majivu. Mama alikuwa ameinama kwenye tope, gauni amelikunja kiunoni, anapanda mstari wa mwisho.

Daktari alisalimia kwa heshima. Mama akajibu, akawauliza habari za safari, wote, mmoja mmoja. Kisha daktari akauliza, kwa sauti iliyoanza kupungua, mimea iliyokuwa hapa iko wapi.

"Mimea gani, mwanangu?"

Daktari akaieleza: majani yenye manyoya, ua dogo. Mama alisikiliza kwa makini kama anayefikiri kweli.

"Hiyo mimi siijui," akasema. "Somesha hao watoto bango. Bango linasema sisi hatuijui."

Mwenyekiti aliingilia, akamwambia mama asifanye utani, wageni wametoka mbali. Mama akamwuliza yeye, mwalimu aliyesomesha nusu ya watu hapa, anaona kuna neno kwenye bango ambalo si la kweli? Kama lipo alitaje, afute. Mwanafunzi mmoja alicheka akidhani ni mzaha. Daktari alinigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza kama kuna mizizi iliyobaki. Nilienda kwenye majivu nikachokonoa kwa kijiti. Mama alikuwa amefanya kazi kamili.

Nilipanda na kushuka mito yetu wiki tatu zilizofuata, hadi mpaka wa Kisii na kupita. Nilikuta mikaratusi, nikakuta majani ya ng'ombe, nikakuta watu wanaokumbuka kwamba bibi zao walikuwa na kitu kama hicho. Mmea sikuukuta. Safari ya milima ya kaskazini haikutajwa tena. Wagonjwa walioendelea kuja kwa mama aliwaambia wanunue dawa ya kupaka dukani, na mguu wake mwenyewe, ambao kidole gumba chake kilikatwa na jembe lile nililolikaza, ulichukua miezi miwili kupona.

Nilimwuliza mara moja tu. Nilimwambia, huku akijifunga kitambaa, kwamba amejinyima dawa yake mwenyewe kwa hasira. Hakukasirika.

"Yule mama aliwatibu wakamsahau," akasema. "Mimi nilikuwa nangoja mtu wa nyumbani aseme. Ukasema masikioni mwangu tu."

Mwezi uliopita kamati ilinitumia ujumbe. Bango linahitaji kurekebishwa, kwa sababu wageni wanashuka hadi mtoni kutafuta kitu kisichokuwapo. Waliacha nafasi ya mistari miwili chini. Niliandika kwamba mmea huu haupatikani tena katika bonde hili. Niliikabidhi karatasi asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imepitishwa. Hakuna aliyeniuliza ushahidi. Mistari ilikuwa miwili, sentensi yangu ilichukua mmoja. Nilikuwa na nafasi ya mjane, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nami niliirudisha karatasi hivyohivyo, ikiwa na mstari mmoja mtupu.

Nilipita nyumbani kumwambia mama, maana nilijua jirani atamfikia. Alikuwa akipepeta wimbi uani.

"Umewaandikia tena?" akauliza.

"Nimewaandikia."

"Hii sasa usinisomee," akasema, akasogea upande ili makapi yasinirukie.